Kidole cha Fundi Baiskeli

Ukimpelekea Fundi baiskeli iliyopinda ringi, hakuwa na haja ya kuitazama. Aliigeuza miguu juu, akalizungusha gurudumu, akalisimamisha, kisha akaanza kuzigusa spoku moja moja kwa ukucha, macho kayafumba, kichwa kakiinamisha upande. Ting. Ting. Tong. Hiyo ya tong ndiyo iliyolegea. Aliikaza kidogo, akaigusa tena, akaikaza, mpaka spoku zote ziseme neno moja. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi niliyetumwa kuipeleka baiskeli ya baba, na nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba yule mzee wa nyuma ya soko anaongea na vyuma. Mama akanijibu kwamba bora yeye vyuma vinamjibu, kuliko mimi ninayeambiwa nikaoge na sisikii.

Mafundi hapa Kilindoni, mji wetu wa kisiwa cha Mafia, ni wengi, wa cherehani, wa simu, wa pikipiki. Lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye. Sasa ni marehemu, na mkewe alimfuata baada ya miezi michache, Mungu awarehemu wote wawili. Wangekuwa hai nisingethubutu kuyaandika haya.

Mimi ni muuguzi. Nimefunga vidonda vya watu wa kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka thelathini, na sifa niliyoichuma si ya mikono, ni ya ulimi. Wagonjwa wananiogopa kuliko sindano. Mtu akinidanganya kwamba amemeza dawa, namwambia hapo hapo kuwa ni mwongo, awe sheikh au diwani. Kwa hiyo nilipokuja kusema uongo, hakuna aliyenishuku.

Katika kibanda cha Fundi hakukuwa na redio. Jirani yake, dereva wa bodaboda, alikuwa na spika kubwa kama sanduku la bibi harusi, na kila ilipopigwa kwa nguvu Fundi alinyanyuka, akavuka njia, akaipunguza kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kukaa. Hakugombana. Watu walidhani ni uchaji, kwa kuwa alikuwa hakosi msikitini. Siku moja nikamuuliza kama muziki anauona haramu.

"Aaa, mwanangu, hayo waulize wenye elimu," akasema. "Mimi siwezi kufanya kazi huku nasikia mtu anakosea."

Na bado bendi ikija kutoka Dar kupiga kwenye harusi, ungemkuta amesimama nje ya ua wa makuti, mikono nyuma, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hatikisi mguu, hatabasamu. Vijana waliokuwa wamesikia fununu za ujana wake walimchokoza: "Fundi, hupigi tena?" Jibu lake lilikuwa lile lile miaka nenda miaka rudi: "Nimepumzika kidogo." Alikuwa amepumzika kidogo tangu kabla mimi sijazaliwa.

Habari za ujana wake alizitoa vipande vipande, na tu wakati mikono yake ina kazi. Ukimkalisha kwenye kiti umwombe akusimulie, anakuambia hakumbuki. Lakini akiwa anaziba pancha, tyubu imo ndani ya beseni la maji anatafuta povu, hapo maneno yalitoka. Miaka ile ya sitini alikwenda Dar es Salaam, kijana hana ndevu, akafanya kazi kwa fundi baiskeli wa Kariakoo. Mteja mmoja alikuwa kijana wa Kihindi, Mwislamu mwenzake, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Siku moja alikuja kutengeneza breki, akamkuta Fundi anagusa spoku, akasimama kumsikiliza mpaka akasahau breki zake. Jioni hiyo akampeleka kwao, akampakatisha gitaa la umeme.

"Nililishika vile mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake," aliniambia. "Naogopa lisilie."

Likalia. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa vijana wanne, wana bendi, wanapiga roki, yule Mhindi mwimbaji na Fundi gitaa. Jumapili mchana, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wanakaa madirishani. Nyuzi za gitaa zilikuwa adimu, na ikikatika moja hakuna pa kuinunua. Fundi alichukua waya wa breki ya baiskeli, akaufumua, akavuta uzi mmoja mmoja wa chuma, akaufunga. Sauti ikatoka ina kutu. Wenzake wawili wakakasirika, lakini mwimbaji akasema hiyo ndiyo sauti, hiyo hiyo, wala isibadilishwe. Tangu siku hiyo hata nyuzi za dukani zilipopatikana, Fundi alifunga za breki.

Kisa alichokipenda ni cha suruali. Wakati ule vijana wa doria walizunguka mjini kuwakamata waliovaa suruali za kubana. Walibeba chupa ya soda. Wanaitumbukiza kiunoni, na isipoteleza mpaka chini, suruali inachanwa pale pale mbele ya watu. Jumapili moja wakaingia ukumbini, watano, wakasimama mbele ya jukwaa, mmoja ameshika chupa, mwingine mkasi. Wakamwonyesha Fundi kwa kidole: wimbo ukiisha, wewe. Na Fundi siku hiyo suruali haikuwa yake. Ameiazima kwa mtoto wa mwajiri wake, na mwajiri hajui.

"Basi ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Sikuumaliza wimbo."

Mwimbaji alielewa bila kuambiwa. Alirudia beti, akabuni nyingine, akaimba majina ya mitaa. Fundi akapiga, akapiga, dakika arobaini, saa nzima, chuma cha breki kinamla vidole mpaka damu ikawa inateleza kwenye shingo ya gitaa. Wacheza dansi wakawa wanawazungukia wale wa doria, wanawasukuma kidogo kidogo. Fundi akifika hapa alikuwa anaitoa tyubu majini na kuikausha taratibu, ili nizidi kuumia roho.

"Ukaishaje, Fundi?"

"Haukuisha. Umeme ulikatika."

Gizani akaruka dirisha. Suruali ikarudi kwa mwenyewe nzima, ila ina damu mfukoni.

Mtu huyo mwenye subira ya kuvuta wimbo mmoja saa nzima hakuwa na subira na wateja wake hata chembe. Breki haikatiki siku moja, alikuwa akisema. Uzi mmoja unakatika leo, mwingine kesho, nawe unauona, unasema bado zipo nyingi. Mteja akija na waya uliochakaa akataka kupakwa mafuta tu, Fundi alimfukuza. "Nenda ukaanguke na mwingine, si mimi." Nakumbuka alimkatalia mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi wake. Kwa nyaya za watu, Fundi hakungoja lolote.

Uzi mmoja wa waya wa namna hiyo ndio uliomchoma. Mkono wa kushoto, kidole cha shahada, kwenye ncha. Alikuwa na kisukari, na mimi ndiye niliyekuwa nampima, kwa hiyo alijua kabisa kwamba alipaswa kuja siku ile ile. Alikuja baada ya wiki mbili. Alikuwa amekilowesha maji ya chumvi, akakifunga majani ya mwarobaini, akakivisha kipande cha tyubu juu yake ili kisionekane. Nilipokifungua, harufu ilinijibu kabla sijauliza. Nilimgombeza mpaka wagonjwa wa barazani wakanyamaza.

Daktari wetu, kijana wa bara mwenye adabu, alimkalisha akamweleza kama mtoto anavyomweleza babu yake. Kidole kimekufa, mzee wangu. Tukikitoa wiki hii, mkono unapona. Tukingoja, tutatoa mkono. Tukingoja zaidi, hatutatoa kitu, maana utakuwa umekwenda.

"Sikikati," akasema Fundi.

"Mzee, si cha mkono wa kulia. Hata kuswali hukihitaji."

"Nimesikia. Sikikati."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Alikuja kila asubuhi kufungwa kidonda, sijui kwa nini, labda kunionyesha kwamba si mkaidi wa kila kitu. Kila asubuhi nilimsema. Nilimkumbusha breki na nyuzi zake, na habari ya uzi mmoja leo na mwingine kesho. Alicheka, akasema nina kumbukumbu nzuri. Siku ya tatu wekundu ulipita kifundo cha kidole. Siku ya nne ulikuwa mgongoni mwa kiganja. Nikachukua kalamu nikachora mstari pale ulipofika, nikamwambia, Fundi, huu mstari ni mpaka, kesho ukivukwa ujue. Kesho yake ulikuwa umevukwa kwa upana wa vidole viwili. Nilimwonea hasira ambayo sijawahi kumwonea mgonjwa, na chini ya ile hasira nilikuwa naogopa.

Lakini wakati namsafisha niligundua jambo. Ncha za vidole vyake vingine vitatu vya mkono ule zilikuwa na sugu, ngumu kama kwato. Mkono wa kulia haukuwa nazo. Koleo haliachi sugu za namna ile.

Mkewe alinijia nyumbani mchana wa siku hiyo. Bibi mwembamba, mcheshi, aliyezoea kumtania mumewe hadharani, lakini siku hiyo hakuwa na utani. Alisema, "Mwanangu, twende kwetu Baleni ukaone kitu, kabla hajarudi."

Chumbani kwao, nyuma ya mlango, aliutoa ubao. Ubao wa mnazi, urefu wa mkono, umelainishwa kwa mafuta ya nazi na jasho, na juu yake zimewambwa nyaya sita za breki. Hauna tumbo wala tundu, kwa hiyo haulii, unanong'ona tu ukiweka sikio. Kila siku baada ya Alasiri, mama yule akaniambia, anakaa hapo kitandani, nusu saa, anabonyeza vidole. Tangu aliponiposa. Hata siku tuliyomzika mama yake.

"Anafanya nini, mama?"

"Anaweka vidole tayari. Anangoja kuitwa na mtu."

Ndipo nikapata kipande ambacho Fundi hakuwahi kukitoa hata akiwa na beseni mbele yake. Yule mwimbaji aliondoka na familia yake kwenda Ulaya, na gitaa, maana lilikuwa lake. Siku ya kuagana alimwambia: nikipata pa kupiga nitakuita, usijiunge na bendi nyingine, wewe weka vidole tayari. Barua mbili zilikuja. Ya tatu haikuja. Fundi akarudi Mafia kungojea kwao, ambako hakuna bendi ya kumshawishi. Alipomposa huyu mama alimwambia mapema kwamba siku akiitwa atakwenda.

"Nimeolewa na msafiri asiyesafiri," akasema, akaurudisha ubao nyuma ya mlango. "Sikuona vibaya. Mwanamume mwingine angengoja urithi. Lakini sasa anakufa, mwanangu. Anakufa kwa ajili ya mtu ambaye hata sura yake ameisahau. Wewe watu wanakusikiliza. Fanya unaloweza."

Nikarudi Kilindoni moja kwa moja hadi dukani kwa bwana mmoja wa Kihindi, muuza vyombo, mtu wa hapa hapa, babu zake wamezikwa hapa. Nilimtajia jina la yule mwimbaji na la baba yake. Alifikiri kweli kweli, akampigia simu dada yake Dar. Familia ile ilitawanyika, akaniambia, wengine Kanada, wengine Uingereza, na huyo unayemsema hakuna mwenye habari zake.

"Labda amekufa," nikasema.

"Labda."

"Naweza kusema wewe ndiye uliyenieleza?"

Akakiweka chini kikombe alichokuwa anakifuta. Nadhani alijua, maana mji huu kidonda cha Fundi kilikuwa habari ya kila baraza. "Sista, mimi simziki mtu ambaye sijui kama amekufa," akasema. "Lakini sitakwenda kumtafuta Fundi nimwambie lolote. Hilo tu."

Asubuhi ya siku ya sita homa ilikuwa imempanda. Alikaa kwenye kitanda cha chumba cha kufungia vidonda, meno yanagongana, na mstari mwekundu ulikuwa unaelekea kwenye kiwiko. Daktari alinisubiri nje. Nilifunga mlango.

"Fundi, nina habari. Si nzuri."

"Sema."

"Yule mwenzako wa Dar. Mwimbaji. Mungu amemchukua."

Nilitaraji aniulize, akatae, anitukane. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyosema yeyote akisikia msiba. Kisha akauliza, "Lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Nani kasema?"

"Jamaa zake. Habari zimepitia dukani."

Alitazama dirishani. Vidole vyake vitatu vizima vya mkono wa kushoto vilikuwa juu ya ukingo wa kitanda cha chuma, na niliviona vinabonyeza, kimoja, cha pili, cha tatu, kimoja, cha pili. Nilitamani kumwambia nimekosea, nimechanganya majina. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha vikaacha.

"Basi kateni," akasema.

Walikitoa mchana ule ule. Waliondoa na sehemu ya nyama ya kiganja, lakini mkono ulibaki. Baada ya mwezi Fundi alikuwa kibandani, anashika koleo kwa mkono wa kulia na kulisaidia kwa kile kilichobaki cha kushoto. Watu walinipongeza. Daktari alisema, Sista, ulimi wako ni dawa. Nilicheka nao.

Sikupata raha. Kila nilipopita na kuiona baiskeli yake imeegemezwa karibu na duka la vyombo, niligeuza njia. Nilijua akiuliza swali moja tu pale, yamekwisha. Hakuuliza. Aliniamini mimi kuliko alivyokuwa na hamu ya kujua, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku moja niliandika jina la yule mwimbaji kwenye simu, kumtafuta. Yakaja majina mengi yanayofanana, na picha za wazee. Niliizima kabla sijazifungua. Niliogopa kumkuta hai.

Ulikaribia mwaka, mkewe akaja hospitalini na mwaliko. Fundi anamsomea hitma mwenzake. Amesema usikose.

Nilifikiria kuugua. Lakini muuguzi akiugua kisiwani wanakuja kumtazama wote, kwa hiyo nikaenda. Wanaume walikuwa wameketi mikekani barazani, juzuu za Kurani zimegawanywa, kila mmoja anasoma yake kwa sauti ya chini. Wanawake tulikuwa uani, pilau inafunikwa. Nilikuwa nakata kachumbari ili nisimtazame mtu, nikasikia wenzangu wananyamaza. Fundi alikuwa ameingia uani, amevaa kanzu nyeupe, kanyoa ndevu vizuri. Sikuwahi kumwona amependeza hivyo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu." Akachutama mbele yangu, jambo ambalo kwa magoti yake halikuwa dogo. "Kuna neno sikukuuliza siku ile. Nilikuwa na homa. Hao jamaa zake, waliposema habari zake... alinitaja?"

Mkewe alikuwa amesimama na upawa mkononi. Wanawake wengine walikuwa wakinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, ya mwisho niliyopewa, na nilijua kweli yenyewe ni ipi: kwamba sijui, kwamba huenda mtu huyo yuko mahali fulani sasa hivi anakunywa chai, na wewe umekaa hapa na vidole tisa.

"Alikutaja," nikasema.

"Kwa jina?"

"Kwa jina, Fundi."

Alibaki amechutama pale, akitikisa kichwa polepole. Kisha akamgeukia mkewe, na sauti yake ikavunjika. "Umesikia, mama? Alinitaja."

"Nimesikia," akasema mkewe, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Fundi alinyanyuka akarudi barazani. Baada ya muda dua ilianza, tukamsikia mwalimu wa madrasa analitaja lile jina la yule mwimbaji na la baba yake, anamwombea kaburi pana na lenye nuru. Wanaume wakaitikia amina, na wanawake uani wakaitikia, na mimi nikaitikia. Kisha mkewe akapakua sinia ya kwanza, akaipitisha mbele ya wakubwa wote, akaniwekea mimi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyetuletea habari."

Nikanawa mikono, nikala.